Waraka wa Magoti

Ofisi ya Uratibu wa Miche ya Kahawa, Mbinga, ilitangaza Jumatatu asubuhi kwamba zama za dereva kupiga magoti zimekwisha rasmi. Tangazo lilibandikwa ubaoni, likasomwa mbele ya watumishi wote tisa, kisha likapigiwa makofi kwa mujibu wa kifungu chake cha mwisho. Mzee Edmund, dereva, alipiga makofi kama wenzake, ingawa aliyekuwa akipiga magoti ni yeye peke yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pikapu ya ofisi ni ya zamani. Ikifika kwenye tope, magurudumu ya mbele hayasaidii yale ya nyuma mpaka dereva ashuke, apige goti kwenye gurudumu la kulia, azungushe kitufe cha chuma kilicho katikati yake mpaka kifunge, kisha ahamie la kushoto na kupiga goti tena. Ndipo apande, avute ile gia ndogo, na magurudumu yote manne yaingie kazini. Edmund ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na suruali zake zote zina viraka magotini.

Sasa, mtu alimpiga picha kwenye bonde la njia ya Kingerikiti, goti chini, na nyuma yake akina mama wauza ndizi wakifanya ishara ya msalaba. Akina mama wale humwombea yeyote anayeliingia bonde lile masika. Ni mazoea yao tu. Picha ikafika kwenye simu ya Bwana Nicholaus, Mratibu Mkuu, ambaye tangu apate cheo hajatoka nje ya barabara ya lami.

"Mzee Edmund, unaabudu gari la ofisi?"

"Hapana, bosi. Nafunga magurudumu."

"Kwa magoti?"

"Si yapo chini, bosi."

Nicholaus akaandika: mtumishi amekiri.

Ikumbukwe kwamba Nicholaus huyu, kijana wa Litembo, alipokuwa karani alimwamkia Edmund kila asubuhi, kama afanyavyo mtu aliyelelewa. Cheo kilipokuja, shikamoo ikakatika. Siku hizi husema, "Vipi, gari lina mafuta?" Edmund hakulisema kwa mtu, lakini lilimuuma.

Waraka ulikataza dereva kushughulika na magurudumu akiwa safarini, na ukakataza asiye mtumishi kuyagusa kabisa. Tena ulileta habari njema: pikapu mpya, inayong'aa, yenye kitufe karibu na usukani. Unabonyeza umekaa, magurudumu manne yanajiunga yenyewe. Kwa kuwa kitufe hakihitaji magoti, ilionekana hakimhitaji Edmund pia. Alhamisi Mratibu Mkuu angeipeleka mwenyewe Kingerikiti na miche mia nne. Akifika salama, Edmund angehamishiwa getini, akaandike majina ya wageni.

"Mimi, getini!" Edmund alimwambia Hildegardi wa masjala. "Jamani, nitakaa kwenye kiti kisicho na usukani?"

"Pole, baba. Mimi nimekabidhiwa ufunguo wa kitufe."

"Kitufe kina ufunguo?"

Kina. Kamati ya Kitufe ilikaa siku mbili, ikaona kwamba mamlaka ya kuamrisha magurudumu manne kwa mpigo hayawezi kuachwa kwenye kidole cha mtu yeyote. Kikafungwa kifuniko cha bati na kufuli imara. Ufunguo ukawekwa kwenye droo ya Hildegardi, utolewe kwa fomu yenye sahihi ya Mratibu Mkuu, iliyotiwa mbele ya masjala. Kilikuwa kikao kizuri na soda zilitosha.

Alhamisi jua lilikuwa linawaka Mbinga, kwa hiyo Nicholaus hakuona haja ya kujaza fomu. Akatangulia. Edmund akaamriwa kufuata na pikapu ya zamani, awe shahidi wa maendeleo.

Bondeni kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Pikapu mpya iliingia kwenye tope kwa heshima zote, ikazama mpaka ngazi za milango. Nicholaus akatikisa kufuli. Akampigia Hildegardi.

"Ufunguo ninao, bosi," Hildegardi alijibu, "ila sahihi lazima uitie hapa mbele yangu. Ni kifungu chako."

Edmund alikuwa amesimamisha pikapu ya zamani juu ya mteremko, nyuma yake, na hakushuka. Bonifasia, mkubwa wa wale wauza ndizi, akafunga kamba kati ya magari mawili.

"Nivute kinyumenyume!" Nicholaus alipiga kelele.

"Bila magurudumu ya mbele sipandi, bosi. Na mimi nimekatazwa kuyagusa."

"Nakuruhusu!"

"Waraka unafutwa kwa waraka. Muhuri uko Mbinga."

"Basi mama huyu ayafunge!"

"Si mtumishi, bosi."

Miche ilikuwa inanyauka. Nicholaus akapanda mteremko, viatu mkononi, akapiga goti kwenye gurudumu la kulia. Akina mama wakafanya ishara ya msalaba. Simu tatu zikatolewa.

"Mzee Edmund, kitufe kinazungushwa upande gani?"

Edmund alitazama mbele tu.

"Salimia kwanza, mwanangu," akasema Bonifasia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu!" Edmund alisema, na furaha ikamjaa mpaka akasahau kuificha. "Kulia, mpaka kigome. Halafu njoo na huku kushoto."

Pikapu mpya ilitoka. Miche ikahamishiwa ile ya zamani, ikafika Kingerikiti na Edmund kwa njia ndefu ya juu, inayolizunguka bonde. Lakini picha zilifika Mbinga kabla yao, ikabidi Kamati ikae tena kulinda hadhi ya ofisi. Ikaamua kwamba kupiga magoti mbele ya magurudumu ni mamlaka ya Mratibu Mkuu mwenyewe, na hayakaimishwi.

Getini hakuna mtu mpaka leo. Na kila safari ya masika Nicholaus yumo kwenye pikapu ya zamani, hata akiwa na mafua. Wakifika kwenye tope anashuka na kupiga goti. Edmund anashusha kioo, anasubiri shikamoo yake, kisha anamwelekeza upande.