Kamati ya Kimya Yapiga Hodi Chemchem

Itangazwe kwa watu wote wa Tabora, waliomo mjini na walioko njiani, wenye masikio na wanaojifanya hawana, kwamba Serikali imegundua elimu huingia kwa mlango gani. Haiingii kwa macho. Haiingii kwa kuuliza, wala kwa kusoma kwa sauti kama makuli wanaohesabu magunia. Elimu huingia kwa kimya. Mtoto akinyamaza, anajifunza. Akinyamaza sana, anajifunza sana. Na yule aliyelala fofofo juu ya dawati, udenda ukimtoka, huyo amebakiza kidogo tu awe mwalimu.

Tangazo hilo lilisomwa barazani, mwaka ule treni zilipoanza kukata kona pale Kaliua kwenda Mpanda. Aliyelisoma alikuwa Mzungu wa elimu, ambaye watu walikuwa wameshalisahau jina lake la ubatizo wakamwita Bwana Kimya. Hakukasirika. Alidhani ni cheo.

Imakulata alilisikiliza lote, mwanawe Kashindye akiwa mgongoni, na akaliamini. Alikuwa mtu wa kuamini. Aliamini rozari, aliamini sabuni ya mche, na aliamini kwamba Serikali haiwezi kuleta karani, meza na bendera kwa jambo la upuuzi. Tatizo lake lilikuwa moja. Yeye alikuwa anasoma darasa la jioni la akina mama, pale Chemchem, katika ghala la zamani la karanga, na hapakuwa na darasa lenye kelele kama lile toka Tabora hadi ziwani. Mwalimu Benedikta akisema "ba!", akina mama wote wanajibu "ba!", watoto mgongoni wanaitikia "baaa!", na mbuzi wa jirani naye hakubali kupitwa.

Lakini walikuwa wanajua kusoma. Na Imakulata alikuwa amebakiza siku chache apate cheti. Sista wa hospitali alikwisha mwambia waziwazi: "Ukija na cheti, nakuchukua ufundishwe ukunga. Ukija bila cheti, nitakupa chai, unywe, urudi nyumbani." Mumewe Alois, aliyekuwa akifanya kazi ya reli huko Kaliua, alishamwambia aende.

Aliyekuwa hataki ni baba mkwe.

Mzee Bundala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ugali wa saa kumi na mbili. Tangu mkamwana wake aanze kusoma, ugali ulikuwa unafika gizani, na mzee alisema wazi kwamba mtu anayekula asichokiona hana tofauti na popo. Serikali ilipotafuta mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu Madarasani, ikamteua yeye, kwa sababu ilichunguza ikakuta kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kupiga kelele hata mara moja ndani ya shule. Ilikuwa kweli kabisa. Hakuwahi kuingia.

"Mama Kashindye," alimwambia Imakulata jioni ya baraza, akiwa amevaa tarbushi yake mpya ya uenyekiti, "Kamati itakuja kupima darasa lenu. Ikisikika sauti ya mtu mzima, hata moja, tunafunga."

"Sauti moja tu, Baba?"

"Hata kikohozi. Kamati imetafakari sana."

"Ndiyo, Baba."

"Na ugali uko wapi?"

"Unakuja, Baba."

Sasa, kimya kinapimwaje? Msomaji asidhani Serikali ilikurupuka. Kulikuwa na chombo. Karani wa Kamati, Bwana Raymundi, Mgogo mwembamba mwenye soksi ndefu, alikabidhiwa nzi. Nzi huyo wa Serikali alikaa ndani ya chupa ya jemu yenye kifuniko kilichotobolewa, na alikuwa na posho yake ya sukari. Kamati ingeingia darasani, chupa ingewekwa kando ya mlango, na kama wote waliomo wangemsikia nzi akivuma mpaka ukuta wa mwisho, darasa limefaulu. Shule za wavulana zilikwisha pimwa. Moja ilipata sifa kubwa, kumbe wanafunzi walikuwa wamekwenda kufyeka mashamba.

Siku ya kupimwa, akina mama walifika mapema. Mwalimu Benedikta alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, na uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Watoto wote wanyonye," alisema. "Titi lisitoke mdomoni."

"Na sisi je?" aliuliza Sikuzani, muuza vitumbua, mwanamke ambaye hata usingizini hujadiliana bei. "Mwalimu, mimi nikinyamaza naumwa kichwa. Nimejaribu jana nyumbani, mume wangu akaita mganga."

Hapo ndipo Imakulata alipotoa kapu la michembe. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ukitia mingi kinywani mara moja bila kuchemsha, hutasema neno hata ukikanyagwa na ng'ombe. Kila mama akajaza mashavu. Sikuzani alijaza mara mbili. Ghala likanyamaza. Watoto wakanyonya, mbuzi wa jirani akashangaa, akaondoka.

Nje kukasikika viatu. Kamati imefika.

Lazima isemwe, kwa heshima ya Kamati, kwamba ilikuwa imefikiria kila jambo isipokuwa mlango.

"Hodi!" aliita Mzee Bundala.

Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

Kimya, na harufu ya viazi.

"Kwa nini hatuingii?" aliuliza Bwana Kimya.

"Bwana, hatujakaribishwa."

"Lakini wamo."

"Wamo, Bwana. Ndiyo maana. Humo ndani kuna wanawake wananyonyesha, na mmoja ni mke wa mwanangu. Nikiingia kwa mkamwana bila kukaribishwa, kesho nitahamia porini Ipole nikaishi na nyuki."

"Basi nitatangulia mimi."

Raymundi akakohoa kwa adabu. "Bwana, kanuni zako zinasema mwenyekiti ndiye hutangulia, kwa kuheshimu wenyeji."

"Wewe je?"

"Mimi ni wa mwisho, Bwana. Nyuma yangu ni nzi tu."

Ndani, Imakulata alikuwa anatokwa jasho. Baba mkwe apige hodi na mkamwana asiitikie! Mama yake mzazi angesikia, angerudisha mahari. Neno lenyewe lilikuwa dogo, "karibu", lilikuwa limekaa nyuma ya michembe linasukuma kutoka. Akilisema, heshima inabaki, cheti kinakwenda. Asipolisema, cheti kinabaki, yeye anakwenda. Akamtazama Mwalimu Benedikta. Mwalimu alikuwa anatazama dari, machozi yakimlengalenga, haijulikani kama ni ya huzuni au ya viazi.

Kisha Imakulata akawaza kama Serikali inavyowaza, hatua kwa hatua. Kumtii baba mkwe ni heshima. Baba mkwe ameagiza kimya. Kwa hiyo asiyemwitikia baba mkwe ndiye anayemheshimu, na atakayemkaribisha ndiye aliyekosa adabu. Akatulia. Akaongeza mchembe mmoja.

Nje, mawingu yaliyokuwa yakizunguka Unyamwezi tangu asubuhi bila kazi maalumu yakaona mahali pa kutua. Mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka yote kwa pamoja.

"Hodi!" aliita Mzee Bundala, tarbushi ikimtiririsha rangi nyekundu masikioni. "Hodi jamani! Hodi! Tunalowa!"

"HODI!" alipiga kelele Bwana Kimya, ambaye hakuwa amewahi kulisema neno hilo tangu afike nchini.

"Hodi, watani zangu!" alilia Raymundi. "Mgogo mimi nitayeyuka!" Na katika kuruka dimbwi, chupa ikamponyoka, ikavunjika. Nzi wa Serikali akatoka, akaitazama mvua, akaingia darasani kwa upenyo wa dirisha bila kukaribishwa na mtu. Yeye hakuwa na wakwe Chemchem.

Majirani wakafungua milango. Bi Apolinaria, mke wa Mzee Bundala, aliyekuwa amekuja kwa jirani kuomba moto, akasimama kibarazani mikono kiunoni.

"Nyie wanaume! Hamwoni watu wanasoma humo? Mnapiga makelele kama fisi waliokosa mzoga! Na wewe Baba Alois, na kofia yako inavuja damu!"

"Mimi ni mwenyekiti wa kimya!" alifoka Mzee Bundala kwa sauti iliyofika stesheni.

"Tunasikia!" wakajibu majirani wote.

Bwana Kimya alisogea, akaweka sikio kwenye ukuta wa ghala. Alisikia nzi. Alimsikia vizuri sana, anavuma toka ukuta hadi ukuta, mwenye furaha. Uso wa yule Mzungu ukalainika.

"Katika kazi yangu yote," alisema polepole, maji yakimchuruzika puani, "sijasikia kimya kama hiki. Hata ofisini kwangu. Darasa hili limefaulu kupita madarasa yote ya jimbo. Vyeti vitatolewa Jumamosi barazani, mbele ya watu wote."

Sikuzani ndani alitema viazi vyake vyote akapiga kigelegele, lakini Kamati ilikuwa imekwisha kimbia.

"Mtani!" Sikuzani akamwita Raymundi kupitia dirishani. "Rudi uchukue nzi wako, anadai posho!"

Imakulata alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama pamba. Alipika ugali akiimba. Aliupeleka ukiwa na mvuke, na mwanga bado upo. Mzee Bundala hakuugusa.

"Mama Kashindye."

"Abee, Baba."

"Keti. Si karibu sana. Hapo." Akatazama huku na huku. Akashusha sauti. "Vile vyeti. Ile kanuni kwamba mwenyekiti aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na dole gumba halikubaliwi..."

"Kanuni nzuri sana, Baba. Nani aliitunga?"

"Mimi." Akausogeza ugali kando. "Nilitaka kuwazuia wajinga."

Pakapita kimya ambacho Kamati ingekipa zawadi. Imakulata akaelewa yote kwa mara moja: kwamba Raymundi ndiye huandika na mzee hugonga mhuri tu, kwamba Jumamosi mbele ya watu mkono wa baba mkwe utasimama hewani kama jogoo kwenye paa, na kwamba cheti kisicho na jina la mwenyekiti ni karatasi ya kufungia vitumbua. Hakucheka. Alimwonea huruma, na alijionea huruma yeye mwenyewe pia. Akachukua kijiti, akapiga magoti uani, uso ameuelekeza kando kama ipasavyo, akaandika mchangani jina zima kwa herufi kubwa.

"Hili ndilo jina lako, Baba."

"Linasemaje? Lisome."

"Baba, mimi nitalitamkaje?"

Mzee akakuna ndevu. Ni kweli. Mkamwana wa Kinyamwezi hatamki jina la baba mkwe hata nyumba ikiungua.

"Basi nani atalisema?"

"Wewe, Baba. Mimi naonyesha kwa kijiti, wewe unasema. Mwalimu anasema mtu anayeanza, asiposikia sauti yake mwenyewe, hakumbuki."

"Bu," alinong'ona mwenyekiti.

"Sikusikia, Baba."

"Bu!"

"Na hii?"

"Nda! Mama Kashindye, hii ina tumbo kama ile ya kwanza!"

"Ndiyo, Baba, lakini hii ina moja tu, ile ina mawili."

"La! LA! Bu-nda-LA!" Kuku wakatawanyika. Bi Apolinaria akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Nani anakuita hivyo, Baba Alois?"

"Najiita mwenyewe!" alisema mzee, amepiga magoti mchangani, kijiti mkononi, meno yote nje. "Na leo nimeitika!"

Walifanya hivyo kila jioni, na mtaa mzima wa Chemchem ukajua jina la mwenyekiti, hata watoto wa chekechea wakawa wanalipokezana.

Jumamosi baraza lilijaa. Bendera ilipanda. Bwana Kimya alieleza faida za utulivu kwa muda mrefu, watu wakalala, akafurahi. Kisha cheti cha kwanza kikawekwa mezani, cha Imakulata binti Luhende, na Mzee Bundala akapewa kalamu. Akaishika kama mtu anayeshika kinda la ndege. Imakulata, katika safu ya akina mama, alimkumbatia Kashindye mpaka mtoto akalalamika.

"Bu!" alipaza sauti mwenyekiti, kalamu ikatembea.

Watu wakaamka.

"Nda!"

"Mwenyekiti," alinong'ona Bwana Kimya, amekuwa mwekundu, "tafadhali. Kimya."

Mzee hakuinua macho. "Subiri, Bwana. Nikinyamaza, mkono unasimama."

Akina mama wote wakavuta pumzi, watoto mgongoni nao wakavuta, na kwa pamoja, kama ndani ya ghala la karanga, isipokuwa Imakulata aliyekuwa ameziba mdomo kwa heshima, wakamsaidia: "LA!"

Jina lilikuwa kubwa, likapanda milima, likateremka, likamalizikia juu ya meza ya Serikali. Mzee Bundala alilitazama kwa muda. Akampa mkamwana wake cheti kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia karani Raymundi, wino umemjaa mpaka kwenye ndevu, akapiga meza.

"Vimebaki vingapi? Leta! Leta hata vya mwakani!"