Kamati ya Kutafuta Kwa Nini Mashine Haiwaki

Mamlaka ya Kusikiliza Wananchi ilitangaza, kwa bango la kitambaa lenye urefu wa mita sita, kwamba sasa imefikia kilele cha usikivu: haitaongea tena na mtu. Madirisha yote matano ya kupokelea malalamiko yalipigiliwa mbao. Mwenye shida apige simu aache ujumbe kwenye mashine, na mashine, ambayo haina shemeji wala haili rushwa, itautunza. Watu wakapiga makofi. Kesho yake ukaanza kutumika Waraka wa Kubana Umeme, jengo zima likazimwa saa tisa na nusu alasiri, na tangu hapo mashine haikuwaka tena.

Miezi minane ikapita. Mtu asidhani Mamlaka ililala! Iliundwa Kamati Maalumu ya Kutafuta Chanzo cha Kutowaka, ikaketi kila siku ya kazi. Kwa muda wote huo halikupokelewa lalamiko hata moja, na Mkurugenzi akaandika kwenye ripoti yake ya nusu mwaka kwamba wananchi wameridhika.

Asiyeridhika alikuwa karani wa simu, ambaye jengo zima lilimwita Mama Halo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepokea simu za Mamlaka, na alikuwa amebakiza miezi mitatu tu astaafu. Jumatatu aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi, akakabidhiwa barua. Ilisema hivi: Katibu Mkuu wa Wizara atafika Ijumaa kujionea mashine, ikiwa mbele yake haitawaka, karani wa simu ataachishwa kazi kwa uzembe na kupoteza mafao yote ya uzeeni.

"Bosi, kwani mimi ndiye niliyeiharibu?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama," Mkurugenzi akamjibu kwa upole. "Chanzo bado kinatafutwa. Lakini adhabu haiwezi kungoja chanzo. Tutachelewa."

Mama Halo alitoka pale kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ni kwamba chanzo alikijua. Alikijua tangu mwezi wa pili wa kutowaka, alipoitwa fundi, mzee mmoja mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Fundi yule aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akaiwasha, akakaa kitako kuisikiliza ikikoroma.

"Buheri wa afya," akamwambia Mama Halo, maana wakubwa walikuwa wamekwenda kunywa chai. "Ila imezeeka, dada yangu. Ikizimwa ghafla, ukiiwasha tena inaikagua diski yake yote kwanza, mwanzo hadi mwisho. Inataka saa nzima. Ukiizima kabla haijamaliza, inaanza moja. Waambie waiache tu."

Akaandika hayo hayo kwenye kipande cha boksi, mistari miwili, akaondoka. Kamati iliikataa ripoti ile kwa kauli moja. Haikuwa na utangulizi, haikuwa na malengo mahususi, wala sura ya mapendekezo.

Sasa sikiliza jinsi kazi ilivyokuwa ikienda. Mashine ilikaa kwenye chumba cha mikutano, kwenye kona, na chumba kile kilikuwa na soketi moja tu iliyo hai. Saa mbili asubuhi mlinzi aliwasha swichi kuu. Mama Halo akachomeka mashine, ikaanza kukoroma. Saa mbili na nusu waliingia wajumbe kumi na moja wa Kamati, wakachomoa mashine, wakachomeka projekta, wakaonyeshana ukutani picha zenye kichwa cha habari: Kwa Nini Mashine Haiwaki. Walijadili hadi saa tisa. Kisha mashine ikachomekwa tena, ikakoroma nusu saa, na mlinzi akazima jengo.

Mama Halo hakunyamaza. Alijaribu kusema mlangoni, akaambiwa yeye si mjumbe. Akaomba hoja yake iingizwe kwenye agenda. Akaambiwa agenda huletwa na wajumbe.

"Dada, mimi siamini," mdogo wake alimwambia jioni, wakichambua mchele. "Watu kumi na moja, na shahada zao, washindwe kuona plagi?"

"Plagi iko chini, mdogo wangu. Wakubwa hawainami."

"Basi inama wewe."

Neno lile likamwingia.

Ijumaa alifika getini saa moja kasorobo, akamkuta mlinzi anapiga mswaki.

"Baba, niwashie swichi kuu."

"Ah, dada! Waraka unasema saa mbili."

"Saa yako hapo mkononi inasema ngapi?"

Mlinzi akaitazama. "Hii? Hii ilikufa mwaka juzi. Imegota saa mbili na dakika tano."

"Basi tumeshachelewa."

Mlinzi akafikiri, akatema povu, akaenda kuwasha. Askari mtiifu habishani na saa.

Wajumbe walipoingia, mashine ilikuwa tayari na taa ya kijani, imetulia. Hakuna aliyeitazama. Mjumbe wa projekta, mdogo wao kwa cheo, alikuwa amekwisha kukunja suruali apige goti, lakini akamkuta Mama Halo amekaa kwenye kiti chake mbele ya soketi, mikono kifuani, kama mama mkwe mlangoni.

"Mama, tupishe. Tunataka kumwonyesha Mheshimiwa kwa nini haiwaki."

"Imewaka."

Kamati haikuwa na utaratibu wa jambo kama hilo. Wakati huo huo akaingia Katibu Mkuu, kijana mnene wa suti ya kijivu, ambaye miezi minane tu iliyopita alikuwa msaidizi wa Mkurugenzi, akimbebea mkoba na kumfungulia mlango wa gari. Sasa Mkurugenzi ndiye aliyemfungulia mlango, na alitabasamu kama mwenye jino bovu.

"Mheshimiwa," alisema, akageuza upepo papo hapo, "chini ya uongozi wangu, mashine imewaka. Na ina ujumbe mmoja. Tuusikie wote." Akabonyeza kitufe cha spika.

Ikatoka sauti ya mwanamke, safi kabisa, na tarehe ya miezi minane iliyopita, saa tisa na robo alasiri.

"Halo, Mkurugenzi? Napiga kutoka ofisi ya Waziri, simu yako ya mkononi haipatikani. Waziri amekuteua uwe Katibu Mkuu. Anataka jibu kesho kabla ya saa sita. Ukikaa kimya atamchukua yule msaidizi wako, ingawa mwenyewe anasema yule hajui hata kupanga faili. Tafadhali usituangushe."

Mjumbe mmoja akakohoa, akajutia kukohoa.

"Kuhifadhi ujumbe huu, bonyeza moja," ikasema mashine. "Kuufuta, bonyeza mbili."

Lo! Mkurugenzi aliruka kuelekea moja, Katibu Mkuu akaruka kuelekea mbili. Walikumbana juu ya meza, tai kwa tai. Huyu alishika mkono wa yule, yule akavuta waya, wote wakaporomoka sakafuni, na plagi ikachomoka. Taa ya kijani ikazimika.

Katibu wa Kamati, mtu mwembamba ambaye kwa miezi minane aliandika kila kilichotokea chumbani mle, hata chafya, alitazama saa ya ukutani.

"Saa mbili na dakika arobaini na moja," alisoma akiandika. "Mashine, iliyokuwa imewaka mbele ya Katibu Mkuu, imezimwa na Mkurugenzi pamoja na Katibu Mkuu."

"Usiandike!" wakasema wote wawili kutoka chini.

"Waheshimiwa wameagiza isiandikwe," akaandika. "Chanzo kimepatikana. Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mikono kumi na mmoja ikapanda. Haikuwa ujasiri, ilikuwa mazoea.

Mama Halo akaichukua barua yake mkobani, akaichana vipande vinne juu ya meza, na moyo wake ukawa mwepesi. Kisha akainama, akachomeka plagi.

"Saa nzima," alisema. "Msiiguse."

Hakuna aliyeigusa. Wakubwa wale wawili walikaa sakafuni pande mbili za soketi, wakilindana, suti zimejaa vumbi. Saa moja baadaye taa ya kijani ikarudi, na kabla hawajajinyanyua, simu ikalia, mashine ikaipokea. Alikuwa mama mmoja aliyebomolewa jiko lake na manispaa, na hakubakiza neno. Ikafuata nyingine, ya mzee anayemtafuta Mkurugenzi kwa jina na kwa matusi. Kisha nyingine. Zote zilitoka kwenye spika, maana aliyejua kuizima spika ni mtu mmoja tu.

"Mama," Mkurugenzi akanong'ona, jasho likimtoka, "ule ujumbe wangu unafuata lini?"

"Mashine hii hutoa mpya kwanza, bosi. Na simu bado zinaingia." Akamsogezea kiti. "Kaa usikilize."