Wiki Asiyozaliwa Mtu

Tangazo lilisomwa na Profesa, mwalimu mstaafu ambaye gazeti la kijiweni halishikwi na mtu kabla yake. Ofisi ya vizazi iliwajulisha wananchi wote kwamba wiki hii hakuna mtu aliyezaliwa.

Kwenye kona ya benchi la kahawa, Seva aliinamisha macho kikombeni. Jina hilo alipewa kwa sababu ndiye anayetunza seva ya ofisi hiyo, kompyuta kuu yenye hifadhi ya XML ambamo kila raia ana faili lake, na kila faili lina orodha ya nani aruhusiwe kusoma na nani kuandika.

Kinyozi aliuliza, kwa upole wa kutisha, yule binti yake wa Jumanne ni nani basi. Zahanati imegoma kumpa kadi ya chanjo kwa kuwa hayumo kwenye kompyuta. Profesa akamshauri amrudishe alikotoka hadi tangazo jingine. Kinyozi akasimama, akavua koti, na watu wakaanza kuokoa vikombe vyao.

Seva akashindwa kuvumilia. Akakiri kwamba mkurugenzi alimfumania tarishi akisoma faili la mkurugenzi mwenyewe, lile ambalo mwaka wa kuzaliwa umeandikwa upya mara tatu, akaamuru ruhusa za wafanyakazi wote zifutwe.

"Nikamuuliza, hata zako, mzee? Akasema wote ni wote. Nikafuta."

"Na zako?" Kinyozi akauliza.

"Kwani mimi si mfanyakazi?"

Sasa seva inazunguka vizuri tu, feni zinavuma, ila hakuna kiumbe anayeweza kuandika humo hata nukta. Mkurugenzi mwenyewe ameshinda siku tatu akibonyeza, na mashine inamjibu kwamba haimtambui.

Bi Kikombe, muuza kahawa wa kijiwe, alikuwa akifuta sinia. Akauliza kama na yule anayeitwa "chai" alifutwa.

Ndipo Seva akakumbuka. Miaka sita nyuma Bi Kikombe alikuwa mpika chai wa ofisi ile. Siku seva inasimikwa, Seva alihitaji mtu wa majaribio, na aliyeingia mlangoni ni yeye na birika. Akamsajili kwa jina la "chai", akampa mamlaka yote, akasahau. Orodha ya wafanyakazi aliyoitumia kufutia haikuwa na jina lake, maana alishaacha kazi.

"Neno la siri unalikumbuka, dada?"

"Ni vijiko vya sukari vya wakubwa, kwa vyeo. Nitasahauje?"

Wakaandamana hadi ofisini, Profesa akiachiwa jiko. Bi Kikombe akaketi mbele ya kioo, akabonyeza kwa kidole kimoja, na mlango wa seva ukafunguka. Alianza na binti wa Kinyozi, herufi baada ya herufi. Jina lilipotokea, Kinyozi aliligusa kwenye kioo. Baadaye Seva akarudishiwa ruhusa zake, na makarani zao.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama naye anaweza kufikiriwa.

Bi Kikombe alimtazama, akamgeukia Seva.

"Huyu mpe kusoma. Kuandika tutaona akishazoea."