Ubani wa Kipini cha Bi Mwatum

Jumamosi ile kahawa haijafika hata kooni, Mjaka Taarifa akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho maana miwani kaisahau nyumbani, akasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Huko Ulaya, mtu na mkewe wameng'oa mbao za sakafu ya jikoni, wakakuta kopo limejaa sarafu za dhahabu!"

Kwenye baraza lile la Chake Chake, chini ya ghorofa kuukuu anayokaa Ridha, habari haikulazimika kuwa ya kweli. Ilitakiwa iwahi tu.

"Kopo zima?" akauliza Ame Mkato, dereva wa bodaboda anayejua njia ya mkato ya kila kitu, tarawehe ikiwemo.

"Zima. La maziwa."

"Basi yao hiyo!"

"Yao kwa hati gani? Mwenyewe aliificha, hakuitupa."

"Kafa huyo!"

"Ana warithi."

"Warithi hawana habari."

"Ndiyo waambiwe!"

"Na nani? Na mie? Yakhe, mie hata mke wangu sijamwambia kama nimenunua tairi mpya!"

Watu wakacheka, kahawa ikamwagika. Ridha peke yake hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe mkononi, kahawa inampoa.

"Hizo mbao," akasema polepole, "walizing'oaje? Kwa tindo au kwa mtaimbo?"

Haroub Nukta, seremala wa zamani anayetoa maneno kwa kijiko na akimaliza husema "nukta" ili mtu asimuongezee, akageuza shingo.

"Una nini chini ya sakafu?"

"Sina kitu."

"Wallahi?"

Kwenye wallahi Ridha akakwama. "Kipini," akanong'ona.

"Cha kisu?" Ame akaruka. "Kisu kinakunyima raha hivyo?"

"Cha pua, bwana! Cha dhahabu! Cha mkwe wangu!"

"Bi Mwatum?" Mjaka akaweka kikombe chini. "Bi Mwatum wa Vitongoji? Loo! Umekwisha."

Na kweli alikuwa keshakwisha. Miaka sita Ridha kamuoa Shamima, na miaka sita Bi Mwatum anamwambia kila mwenye masikio kwamba mkwewe huyu hata akipewa jiwe ashike, litamponyoka. Lakini wiki hii nyumba ya Vitongoji ilikuwa imejaa wageni wa harusi hadi jikoni, na bibi akaona kipini hakina usalama kule. Akaja mwenyewe, kakifunga kwenye leso, akamtia Ridha mkononi mbele ya Shamima: "Amana hiyo, mwanangu." Mwanangu! Ridha alikesha kwa furaha. Kila binti wa ukoo ule alitoka kwao kuolewa na kipini kile puani, Shamima akiwa mmoja wao, na leo ilikuwa zamu ya Yumna, wa mwisho. Ndoa baada ya Alasiri. Bi Mwatum atakuja kukifuata saa sita.

"Sasa kimefikaje chini ya mbao?" Ame akauliza.

"Nilitaka kuking'arisha. Kwa dawa ya meno. Kikateleza."

Mjaka akajifuta macho. "Mtu kapewa amana, kaipigisha mswaki!"

"Nakiona! Nikimulika na simu nakiona kabisa, kimelala juu ya boriti. Ila ufa wenyewe kidole hakipiti."

"Ng'oa ubao."

"Nyumba ya wakfu hii. Msumari haung'oki bila ruhusa, na leo Jumamosi nimuombe nani?"

Hapo kila mtu akawa fundi. Ame akasema sumaku, ifungwe uzi, iteremshwe. Haroub akamwambia dhahabu haishikwi na sumaku. Ame akasema hiyo ni dhahabu ya zamani, sasa hivi kila kitu kimebadilika. Mjaka akasema ile mashine ya mahotelini inayofyonza vumbi. Ame akasema pampu ya baiskeli, upulize upande huu kitokee upande ule. "Kitokee wapi?" Ridha akapiga kelele. "Kwa jirani?"

Haroub akasimama, akakung'uta kanzu. "Dawa yake ubani," akasema. "Nukta." Akaelekea zake sokoni.

Wakamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kumuuliza Haroub baada ya nukta hakuna aliyewahi.

"Ubani?" Ridha akauliza.

"Si anajua mzee yule!" Mjaka akasema. "Kitu kikipotea watu hufukiza, wakasoma. Ame, washa pikipiki, mie natangaza kwenye grupu, mwenye nao karibu aulete."

Ridha alikuwa hana hali ya kubisha. Akapanda juu, akawasha mkaa kwenye chetezo. Ame akarudi na ubani wa fungu zima, akaumwaga wote kwa pamoja maana hiyo ndiyo njia ya mkato. Moshi ukajaa chumba, ukazama kwenye nyufa, ukatokea chini barazani. Ridha kapiga magoti, jicho moja kwenye ufa, anasoma kila anachokijua na kukohoa. Kipini kilikuwa pale pale, kinamng'aria.

Nje, viatu vilianza kujaa ngazini.

Maana Mjaka aliandika hivi kwenye grupu: "Jamani kwa Ridha unahitajika ubani haraka. Tusimwache peke yake." Na ubani ukihitajika haraka nyumbani kwa mtu, Mpemba haulizi mara mbili, huvaa kofia, hutia chochote kwenye bahasha, huenda kuwafariji wafiwa. Robo saa tu, chumba kimeshona watu. Mmoja kamshika Ridha bega: "Inna lillahi, ndugu yangu. Subira." Ridha, macho mekundu kwa moshi, machozi yanamchuruzika, akadhani wanamsikitikia kipini.

"Ahsanteni," akasema. "Nimekiona asubuhi tu kinanitoka mikononi."

Yule aliyemshika bega akadhani ni kitoto kichanga. Akalia kweli.

Na hapo ndipo Bi Mwatum alipofika, kabla ya saa sita. Akaona viatu. Akaona moshi. Akasikia kilio. Alijua Shamima kamuacha Vitongoji anakuna nazi, basi humu ndani kafa mmoja tu.

"Uwi! Ridha!" Sauti yake ikapanda ngazi kabla yake. "Mkwe wangu! Kijana muaminifu! Mpole, mtiifu, hakupata kuninyanyulia sauti! Nitampata wapi mwengine kama yeye?"

Ridha, chini ya moshi, akatega sikio. Miaka sita! Moyo ukamjaa, akatamani asiinuke. Wallahi alisubiri aongezewe kidogo.

"Mikono yake salama!" bibi akaendelea, yuko mlangoni. "Nimempa amana yangu bila ya wasiwasi!"

Pale Ridha akashindwa. "Mama," akasema, akainuka kwenye moshi. "Mie huyu hapa."

Bi Mwatum akakatika kilio katikati. Akamtazama juu mpaka chini.

"Sasa nani kafa?"

Watu wakatazama bahasha zao. Haroub Nukta akapenya katikati yao, anatafuna. Alikuwa kanunua ubani wa mnanaa, ule wanaotafuna watoto wa skuli. Akautoa mdomoni, akaubandika kwenye ncha ya kijiti cha mishikaki, akapiga goti, akakizamisha ufani. Akakitua kidogo, akakivuta taratibu. Kipini hicho, kimeng'ang'ania ubani kama kupe.

"Mie nimesema ubani," akasema. "Nyie mnachoma nini? Nukta."

Mjaka Taarifa akaanza kutafuta viatu vyake. Bi Mwatum akakibandua kipini, akakifuta na leso, akakitia nuruni, akakitia kifuani. Alikuwa keshaelewa kila kitu: ufa, chetezo, watu na kofia zao.

"Nilikupa uniwekee, Ridha," akasema. "Sikukupa unizikie."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na nyinyi, bahasha zenu msirudi nazo, harusi saa kumi." Akashika kitasa cha mlango, akageuka. "Ama zile sifa za ngazini, mwanangu, zilikuwa za maiti. Ukizitaka, unajua la kufanya."