Mume Wangu na Muhuri Wenu wa HAFAI

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Afya ya Uandikishaji wa Askari.

YAH: KUOMBA MUME WANGU ALEGEZEWE MASHARTI YA AFYA NA ACHUKULIWE JESHINI MAPEMA IWEZEKANAVYO

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, maana kwenu huko uzima wa mwili ndiyo kazi yenyewe. Hapa nyumbani tuko watatu. Mimi ni mzima, mtoto wa miezi minane ni mzima, na mume wangu mlimpima wenyewe.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Shule yenyewe niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea lugha ya ofisini mnisamehe, ila nikisema kweli mniache niseme. Mwezi uliopita mume wangu, mwombaji namba 212, alisimama mbele ya bodi yako akiwa na bukta tu. Mlimgonga magoti, mkamchungulia masikio, mkamlowesha nyayo na kumkanyagisha karatasi. Alirudi na cheti chenye mambo matatu: nyayo bapa, sikio la kushoto halisikii vizuri, na mzio wa vumbi. Chini yake mkapiga muhuri mwekundu: HAFAI.

Sina ugomvi na vipimo. Ugomvi wangu ni kwamba muhuri ule hausemi hafai kwa lipi. Mume wangu aliusoma mbele na nyuma, akatafuta mpaka wake asiuone, basi akaamua hafai kwa lolote. Cheti amekitia kwenye fremu iliyokuwa na picha yetu ya harusi, akakitundika ukutani juu ya kochi, naye akajilaza chini yake. Picha ya harusi iko kwenye droo ya vijiko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nguo. Kabla ya kuja kwenu alikuwa na hakika mtamchukua, mtu mwenye kifua kile. Akagawa nguo zake zote kwa ndugu zake, eti serikali itamvika. Shati la bluu nililomshonea mwenyewe, mpaka vifungo, leo nalipishana nalo barabarani likiwa limemvaa shemeji yangu mwembamba. Yeye amebaki na bukta ile mliyompimia na fulana moja. Serikali haijamvika, na mimi nikimfulia namvua. Fulana ikiwa kambani, mwenyewe anakaa ndani kama mwali mpaka ikauke.

2. Sikio. Nimeishi na mtu huyu miaka mitatu, na sikio hilo la kushoto lilikuwa linasikia sufuria ikifunuliwa kwa jirani. Tangu mlipoliandikia cheti, halisikii mtoto. Akijilaza mchana analalia sikio zima, lile bovu analielekeza kwa mwanawe. Juzi nikamuuliza polepole, wala sikupaza sauti, "Baba, husikii mwanao analia?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sikio hili limeshakaguliwa na wakubwa. Mimi sina mamlaka nalo tena." Mheshimiwa, mtoto hakumsikia, lakini mimi alinisikia vizuri sana.

3. Nyayo. Foleni ya bombani hawezi, nyayo bapa. Kumpeleka mtoto kliniki hawezi, kule mabenchi ni machache na watu husimama. Kupanda kiti abadilishe balbu hawezi, kwa sababu uzito wote utashukia kwenye nyayo. Kwenda chumba cha jirani kutazama mpira anaweza. Huko, anasema, mtu anakaa.

4. Vumbi. Ufagio hagusi. Hilo ningelimeza, lakini kazi yake ni fundi wa makochi, na kochi la zamani ukilichana ni vumbi tupu. Mwenye karakana, mzee mwenye subira zake, amekuja mara mbili kumwambia, "Rudi, bwana. Makochi hayajishonei." Mume wangu akanyoosha kidole kwenye fremu bila kuinuka. Yule mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaniangalia mimi, akasema, "Pole, mwanangu." Akatoka kinyumenyume kama mtu aliyefika msibani.

5. Mama mkwe. Anakaa mtaa wa pili, lakini kutwa yuko kwetu. Alikuwa ananisumbua kwa kiasi, kama mama mkwe yeyote, na tulishazoeana. Sasa ana karatasi ya kumtetea mwanawe. Nikimwomba mume wangu anitwishe ndoo, mama yake anadakia, "We binti, mgonjwa unamtuma ndoo? Serikali nzima imekaa kikao ikaona hawezi, wewe nani?" Kisha ndoo anaibeba yeye. Ana miaka sitini na mitatu. Nyayo zake sijui zikoje, hakuna bodi iliyowahi kuzitazama.

6. Hili ndilo linaloniuma, ndiyo maana nimelichelewesha. Asubuhi ya kuja kwenu alizunguka mtaa mzima akiaga. Alinyoa kichwa chote. Vijana wa pale kwa kinyozi wakampa jina la Meja, kwa heshima kabisa, na wengine wakampigia saluti. Jioni ile ile akarudi, jina wakakataa kumvua. "Meja, vita vimeisha mapema?" "Meja, ni kweli adui aliona nyayo zako akacheka mpaka akaomba amani?" Tangu siku hiyo havuki geti. Mnadhani nimeolewa na mvivu. Hapana. Anajifanya mvivu kwa sababu uvivu mtu anauchagua mwenyewe, lakini kukataliwa unakataliwa tu. Nimemwona akijitazama unyayo kwenye kioo changu kidogo cha kusukia nywele, akiugeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mwiba. Aliponiona akasema anatafuta funza.

Kwa sababu hizo naomba mumlegezee masharti. Nimelifikiria jambo hili nikiwa kwenye cherehani, na nimeona kasoro zake zote zina matumizi. Sikio la kushoto: mpangeni mwisho wa mstari upande wa kushoto, amri zote zitamjia kwa kulia, na mizinga ikilia, upande mmoja mtakuwa mmeokoa pamba. Nyayo: mtu mwenye nyayo pana hazami kwenye matope, bata ni shahidi. Vumbi: mpelekeni jeshi la majini. Kama meli zimejaa, mpelekeni popote palipo na mvua, mvua haina vumbi.

Na tafadhali msinijibu kwamba sheria ni sheria. Siku ya gwaride nilimwona kwenye televisheni yule mwenye nyota nyingi begani akipandishwa ngazi tatu za jukwaa na vijana wawili, kila kwapa na kijana wake. Sikuona mtu akimlowesha nyayo.

Ikishindikana kabisa kumchukua, basi naomba moja kati ya haya mawili. Ama muhuri uongezewe maneno, "HAFAI KWA JESHI, KWA NYUMBA ANAFAA", ofisa atie sahihi, nami nitakuja kuuchukua kwa miguu yangu. Ama mnipime na mimi. Nina mgongo unaouma tangu kujifungua, nina macho yanayoona sindano mbili penye moja, na tangu mtoto huyu azaliwe sijala chakula kikiwa cha moto. Mlo wangu wote ni wa vilivyopoa. Sitaki cheo wala bunduki. Nataka muhuri tu, hata wa wiki mbili, niutundike upande wa pili wa ukuta na mimi nijilaze chini yake. Mama mkwe akiuliza, nitamwambia serikali imekaa kikao.

Nisalimie wajumbe wote wa bodi na watu wa nyumbani kwao. Nisalimie daktari wa masikio, mume wangu anasema ana mikono ya baridi lakini si mtu mbaya. Zaidi ya wote nisalimie askari wa getini aliyempa maji ya kunywa siku ile alipomwona anatoka uso umemshuka. Huyo ndiye pekee kwenu aliyempima akaona anaumwa nini.

Ni mimi, ninayesubiri jibu huku nikifua,

Mke wa mwombaji namba 212.

Tanbihi: Nilikuwa bado sijaifunga bahasha alipofika mjumbe wenu kwa pikipiki, na karatasi akanisomea pale pale mlangoni. Kwamba kutokana na mahitaji ya mpakani masharti ya afya yamelegezwa, kwamba nyayo na sikio si tatizo tena, kwamba mwombaji namba 212 aripoti Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi akiwa na mswaki na jina la mtu wa kupewa taarifa.

Mheshimiwa, redio inasema mpakani ni shwari. Pakiwa shwari watu hawafuatwi majumbani kwa pikipiki. Na taarifa gani hiyo ambayo tayari mnamtafutia mtu wa kupewa?

Basi naomba barua hii isomwe upya kuanzia namba moja hadi sita, na safari hii iwekwe kwenye faili lake kama ushahidi. Yote niliyoandika ni kweli tupu, ni ombi tu ndilo nililokosea. Hasikii, hasimami, vumbi linamuua. Yale ya bata myafute. Hapa ninapoandika yuko uani anamwogesha mtoto, bado hajui lolote, na wote wawili wanacheka.

Mjumbe wenu nilimwambia mtu wa jina hilo alishahama. Akatoa kalamu, akauliza amehamia wapi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema, amehamia kwa mke wake. Akaandika hivyo hivyo kwenye kitabu chake, akanishukuru, akawasha pikipiki, akaenda kumtafuta.