Yah: Matusi Yangu Kugeuzwa Uhakiki

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo ofisini pamoja na wenzako wote. Sisi huku Songea ni wazima isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye sababu ya kukuandikia.

Mimi ni Bakili Chitete, Myao wa Tunduru, muuza dagaa sokoni. Mwezi uliopita mpiga besi Sixbert Luambano, Mngoni wa Ruhuwiko, alizindua albamu yake ya pili ya jazi na fanki, iitwayo Baridi ya Juni. Kwa kuwa mimi ni mtani wake, mshereheshaji alinipa kipaza sauti kabla ya wageni waalikwa, kama desturi inavyotaka, nami nikamchambua Sixbert mbele za watu mpaka mkewe, Honorata, akatoa leso kufuta machozi ya kicheko. Mwandishi wenu Bwana Edwin, aliyetoka Dar es Salaam kwa shughuli hiyo, hakucheka. Alikuwa anaandika. Jumapili iliyofuata mkachapisha kwa herufi kubwa: "NYUMBANI WAMKATAA."

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeniita "mchambuzi mashuhuri wa muziki mkoani Ruvuma". Mhariri, mimi gitaa la besi nalitofautisha na mengine kwa sababu ndilo analoshika Sixbert. Tangu gazeti lenu litoke, biashara yangu imevamiwa na wasomi. Juzi mwalimu mmoja wa sekondari alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza maoni yangu kuhusu mustakabali wa fanki Afrika Mashariki. Nilimpimia dagaa nikamtakia siku njema.

2. Nilisema besi ya Sixbert inatembea kama Mngoni anayetoka kilabuni: nyumba yake anaijua, ila lazima aizunguke kwanza. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Wangoni ndio waliocheka zaidi. Bwana Edwin akaandika kwamba "wadau wanaona besi imekosa mwelekeo". Nilisema pia kwamba kuna wimbo humo ukianza nikiwa naanika dagaa, utaisha wakiwa wamekauka. Akaandika: "Urefu wa nyimbo unatia shaka." Yale yalikuwa matusi yangu, nimeyatunga usiku kucha. Nani kampa ruhusa ya kuyavua nguo na kuyaanika gazetini?

3. Kama hiyo haitoshi, akaongeza ya kwake. Albamu ya kwanza aliandika kwamba kijana bado mchanga. Hii ya pili anaandika kwamba kijana amepoteza ule uchanga uliompendeza. Sasa Sixbert afanye nini, azaliwe upya?

Na Bwana Edwin anatukana kwa utani upi? Mimi haki yangu nimerithi kwa babu zangu na babu zake Sixbert, waliopigana wee mpaka wakaona bora wataniane. Na nimeilipia haki hiyo. Baba yake Sixbert alipofariki nilivaa koti la marehemu, nikaigiza kikohozi chake, nikalala mlangoni nikidai mzee hajafa ila ananikwepa. Sixbert alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uingie. Alicheka, halafu akaomba ugali. Bwana Edwin siku hiyo alikuwa wapi na kalamu yake?

4. Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Sixbert amelisoma gazeti lenu. Besi ameitia kwenye mfuko wake, ameipandisha juu ya kabati, na amehamia Maposeni kwa dada yake kuvuna mahindi, mtu ambaye toka nimjue hajawahi kupatana na kazi ya shamba. Honorata ananiambia hapigi hata mluzi. Nikampigia simu, nikamtukana vizuri kabisa, nikamwambia mahindi yenyewe yakimwona yanarudi ardhini. Akanijibu, "Asante kwa maoni yako, ndugu Bakili. Nitayafanyia kazi."

Mhariri, nilikaa chini. Huyu mtu hajawahi kunishukuru hata nilipombeba mgongoni kumpeleka hospitali. Aliniambia nanuka dagaa. Leo mimi ni ndugu Bakili, na nina maoni. Nililia nyuma ya magunia, wala sioni aibu kusema.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mchapishe sahihisho, kwa herufi zilezile kubwa, kwamba hakuna neno langu hata moja lililokuwa la kweli. Tena mhakiki yeyote wa gazeti lenu asiruhusiwe kugusa albamu ya mtu kabla hajaonyesha ni mtani wake kwa upande gani. Bwana Edwin, kwa kuwa ameshatukana, hana budi kuhalalishwa: aje na jogoo, tumpe babu wa Kingoni au wa Kiyao, atakayemchagua yeye. Akikubali, nami nitakuwa mtani wa ofisi yenu yote. Siku mkifiwa, Mungu aepushe mbali, nitafika hapo, nitavaa miwani ya marehemu, nitakalia kiti chake na kuwapa kazi.

Nakushukuru kwa kunivumilia. Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na Bwana Edwin pia, ingawa kwa baridi.

Wako katika kujenga sanaa ya taifa,
Bakili Chitete

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeipiga picha barua hii nikamtumia Sixbert kwa simu. Amejibu sasa hivi. Anasema Wayao tunaandika kama tunavyolima, mistari inafika upeo wa macho na mavuno hakuna, na kwamba niende Maposeni kesho kubeba magunia kwa kuwa kichwa changu hakina kazi nyingine. Alhamdulillahi! Nimefurahi mpaka nimemjazia mteja dagaa bila kupima. Basi malalamiko yote hapo juu yafuteni. Sahihisho nalo msichapishe, maana litakuwa uongo: besi kweli inapotea, na nyimbo kweli ni ndefu. Bwana Edwin alinisikia sawasawa. Maisha yangu yote namwambia Sixbert ukweli, na yeye anajua. Hucheka kwanza, halafu huenda kurekebisha. Ninyi mlimpelekea ukweli uleule, mkasahau kumchekesha.