Chai ya Mkutano wa Ngano

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Leo, katika kazi yangu ya kugawa chai wizarani, nimempelekea mwanangu kikombe! Mwanangu, mkalimani wa serikali! Kulia kwake wageni, kushoto wakubwa wetu. Wageni hawamo katika vita vyetu, wanamuuzia yeyote. Sisi tunataka ngano yao, wao shaba yetu. Bila mwanangu wangebaki kukodoleana macho. Ila amekatazwa kuongea na yeyote nje ya mkutano mpaka wasaini. Amepokea kikombe, akasema asante mama, kama ambavyo angemwambia mama yeyote. Miezi minane sijamtia machoni! Na wakisaini tu, anaondoka nao kwenda kusimamia mizigo kwao. Basi hawasaini. Waniachie mimi.

Jumanne, tarehe 4
Nimetia chumvi kwenye chai. Nia yangu: wanune, wagombane, mkutano uahirishwe. Mkubwa wa wageni akaonja, akakunja uso. Mkubwa wetu akaonja, akakunja uso. Wakatazamana, wakaangua kicheko! Tangu waje hawajacheka pamoja. Kabla ya saa sita wamekubaliana bei ya ngano. Mwanangu tu hakucheka. Alikunywa yote, mpaka tone la mwisho. Malezi hayo!

Jumatano, tarehe 5
Nimefunga madirisha yote. Nikamdanganya msimamizi wangu kuwa ni amri ya usalama, ndege za adui. Nikadhani joto litawatawanya. Wapi! Wamevua makoti, wamefuta nusu ya vipengele vya mkataba ili watoke haraka. Saa nane, tayari, wamesaini. Gari likawapeleka bandarini moja kwa moja. Mwanangu alinipungia mkono. Mimi mikono yote miwili ilikuwa na sinia.
Msimamizi kanipongeza eti nimelisaidia taifa. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimepika chakula cha watu wawili. Nimekula cha mmoja. Jirani akauliza mbona mkalimani hakufika hata kusalimia. Nikamjibu alifika, tukaongea mpaka koo zikakauka.
Kisha nikamwandikia mkubwa wa wageni barua. Kwamba mwanangu ana kifua kibovu, bahari inamtapisha, na alikojoa kitandani mpaka darasa la pili, kwa hiyo wamrudishe upesi. Nikampa msimamizi aitume; akaisoma, akashika kichwa, akauliza huko nani anaijua lugha yetu.
Huyu naye! Si mwanangu yupo? Atawasomea mbele ya wakubwa wote, neno kwa neno. Nimeshamtandikia kitanda.